Mbegu Isiyopepetwa

Enzi zile misafara ya pembe na chumvi ilipokuwa ikikata nyika kwa miguu, na nchi ikisifiwa kwa visima vyake kabla ya ng'ombe wake, palikuwa na mji juu ya kilima cha mawe ulioitwa Chilungu. Nyumba zake zilikuwa tembe, ndefu kwa urefu na fupi kwa kimo, paa bapa la udongo juu, na kuzunguka mji wote ukuta wa miti iliyosimikwa na kufumwa kwa miiba. Chilungu haikuwa na tembo wala chuma. Ilikuwa na mtama. Wapagazi walifika chini ya kilima midomo imewapasuka, wakatua mizigo, wakabadilisha kaniki, shanga nyekundu na nyaya za shaba kwa mtama mweupe wa Chilungu, uliopikwa ugali ukashika mkono kama udongo wa mfinyanzi. Mtu aliyekula mtama ule aliuliza habari zake hata akifika pwani.

Sasa mtama ule haukujiotea. Nyuma ya kila suke palikuwa na mkono wa mwanamke mmoja, Nyemo binti Mazala, ambaye watu wote, hata Mtemi Chigwe mwenyewe, walimwita Mama Mbegu.

Kazi yake aliirithi kwa mama yake. Kabla watu hawajaingia kuvuna, Nyemo aliingia shambani peke yake na vipande vya kamba ya gome kiunoni, akatembea mstari kwa mstari. Wengine wangetafuta suke kubwa. Yeye alitazama shina kwanza, kisha majirani wa shina. Kama suke limekuwa kubwa kwa sababu majirani zake wamekufa, hilo si suke bora, ni suke lililobahatika tu, akaliacha. Alifunga kamba kwenye lile lililonenepa katikati ya wenzake walio hai, wote wakinyang'anyana maji yale yale. Hayo ndiyo yaliyokatwa mwisho, yakaning'inizwa juu ya meko yake, yakala moshi mpaka yakawa na rangi ya ngozi ya mtu.

Na kila mbegu aliijua tabia yake. Kunde alizichanganya na jivu, maana dumuzi huzipenda kuliko watu wanavyozipenda. Mbegu za boga alizikausha kivulini, akisema jua la mchana huziua zikiwa bado zinacheka. Mtama ulikaa misimu miwili, mitatu, baada ya hapo ukaanza kusahau kuota. Lakini ulezi! Ulezi, punje ndogo kama jicho la chungu, ukizibwa vizuri katika kibuyu kwa nta na samadi, mtoto aliyezaliwa siku ya kuuziba atakuja kuupanda akiwa ameshaolewa. Nyemo alikuwa na vibuyu vitatu vya ulezi alivyoviziba mama yake. Havikuwahi kufunguliwa.

Nyemo alikuwa na ndugu mmoja asiyezaliwa naye. Wakiwa wasichana, walipopelekwa na mama zao kuchota magadi kwenye mbuga ya chumvi, alikutana na binti wa nchi ya Mpwela aitwaye Mbeleje, mcheshi, mrefu, mwenye mwanya. Wakapendana, wakachanjiana. Walikatwa chale ndogo chini ya kiwiko, damu ikapakwa kwenye punje ya mtama, na kila mmoja akala punje ya mwenzake. Baadaye Mbeleje akaolewa na Mtemi wa Mpwela, akawa mke mkubwa, mwenye ufunguo wa ghala.

Mila ya nchi zile iliwafunga watu wa namna hiyo kwa jambo moja. Waliochanjiana hupeana mbegu, na mbegu ile haipepetwi. Hutoka kibuyuni ikaingia udongoni. Kuipitisha kwenye ungo ni kumwambia mwenzako mbele ya watu kwamba umemdhania amekutilia mchanga. Ni kumkana. Aliyetaka kuuvunja udugu wa chale hakuwa na haja ya maneno. Alichukua ungo tu, akapepeta.

*

Mwaka wa nzige ulikuja baada ya mwaka wa jua. Nzige walikuta mtama umefika magotini, wakaondoka wameacha udongo mtupu. Nyemo akatoa mbegu ya akiba, watu wakapanda tena, mvua ya mwisho ikaiotesha, na maparare, watoto wa nzige wale, wakatoka ardhini wakaimaliza. Juu ya meko ya Mama Mbegu pakabaki kamba tupu.

Mtemi Chigwe akamwita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ngozi ya chui begani, na uso umemshuka.

"Mama Mbegu, chakula cha kufikia mvua kipo kidogo. Tutakula mizizi, tutakula majani, tutafika. Lakini mvua ikija tutapanda nini?"

"Upo ulezi wa mama yangu, Mtemi."

"Ulezi wa vibuyu vitatu utalisha kilima hiki?"

"Hautalisha. Huo ni wa siku ambayo hata mimi sijui ni ipi. Nipe watu wa mikuki, niende Mpwela. Nina ndugu yangu huko."

Mtemi akatikisa kichwa. "Mpwela wametuonea wivu kwa ajili ya misafara tangu enzi za baba yangu."

"Mpwela, ndiyo," akasema Nyemo. "Mbeleje, hapana."

Basi akapewa watu wa mikuki na wabebaji, na kiongozi wao alikuwa Lugala, mtu mwenye makovu mawili ya mkuki na ulimi usiotulia. Alibeba ngao ya ngozi ya nyati, na njia nzima hakumwacha Nyemo apumue.

"Mama Mbegu, ukitembea huku unachungulia kila jani hivi, simba atadhani ni mbuzi."

"Na wewe ukipiga kelele hivyo atadhani ni kasuku. Kasuku hana nyama, utapona."

Wapiga mikuki wakacheka, na safari ikaenda. Walipita nyika ya migunga, wakalala kwenye mashimo ya maji yaliyochimbwa na tembo, wakatembea mpaka nyayo zikaota ganda. Walipokaribia Mpwela wakakuta mashamba mapana chini ya mji. Mabua ya mtama ya zamani yalikuwa bado yamesimama, mafupi, membamba kama vidole vya mgonjwa, na kati yake yalichanua maua madogo ya zambarau, mengi ajabu. Wakati nyika yote imekauka, maua yale yalikuwa yakimalizika malizika tu. Lugala akachuma moja akalichomeka sikioni.

"Nikioa mke wa pili nitamletea haya."

Nyemo akainama, akashika bua moja. Lilikuwa jepesi, halina uzito wowote ndani. Akashangaa kwa nini watu waache shamba zuri namna ile. Lakini lango la Mpwela lilikuwa limeshafunguliwa, na Mbeleje alikuwa anakuja mbio, mama mtu mzima, shanga zikiruka kifuani.

"Dada! Dada yangu wa chale! Nani amekukondesha hivi?"

Akamwosha miguu mwenyewe, mke wa Mtemi, akakataa mjakazi asishike maji. Akampakulia uji wa uwele na asali. Usiku kucha na mchana wake walizungumza habari za mbuga ya chumvi, na Mbeleje alicheka mpaka mwanya wote ukaonekana. Nyemo aliposema shida yake, Mbeleje alimshika mkono, pale pale penye kovu.

"Umekuja kuomba kwangu? Kwangu huombi. Unachukua."

"Yale mashamba ya chini," akauliza Nyemo, "mbona mmeyaacha? Na yale maua ni ya nini?"

"Ah, hayo? Maua ya mvua tu, dada. Tumehamia upande wa juu, maji yako karibu." Akainuka haraka kwenda kutazama chungu.

Siku ya kuondoka malindo, yale makasha ya gome la mti, yalikuwa yamepangwa uwanjani, yamejaa mtama, vifuniko vimezibwa kwa samadi mbichi. Mbeleje akavua shanga shingoni mwake akamvika Nyemo.

"Usiyafungue njiani," akasema. "Unyevu utaingia."

"Mimi ndiye wa kufundishwa hilo?" Nyemo akacheka.

Mbeleje naye akacheka, lakini machozi yalikuwa yakimtoka. Nyemo aliyabeba machozi yale moyoni kama zawadi.

*

Walipokuwa karibu na kwao, kwenye mto mkavu wenye mchanga mweupe, lindo moja likaanza kuvuja kwenye mshono. Lugala akakinga kiganja, akatazama kilichodondoka: punje chache za mtama, na vumbi laini, jeusi jeusi, lililoganda kwenye jasho lake.

"Mama Mbegu, hili lindo linatoa ugoro." Akaupeleka puani, akavuta, akasubiri. "Hata chafya haiji. Ugoro wa Mpwela mbaya kama ukarimu wao ulivyo mzuri."

"Ziba mshono, wacha upuuzi. Ni vumbi la ghala."

Ndipo gobori la kwanza likalia.

Walikuwa ruga-ruga, watu wasio na mtemi, manyoya ya mbuni kichwani na vitambaa vyekundu viunoni. Walitoka kwenye kingo zote mbili za mto. Pale wapiga mikuki wa Chilungu walifanya jambo ambalo mpaka leo linasimuliwa: hawakujificha. Waliyaweka malindo katikati, wakageuza migongo kwayo, wakazungusha ngao, ili risasi ziwapate wao zisipate mbegu. Mishale ya ruga-ruga ikalia kwenye ngozi za nyati. Lugala alipigwa paja, akapiga goti, akarusha mkuki akiwa amepiga goti vile vile na mtu wa manyoya akaanguka. Akapigwa tena, kifuani.

"Nenda na mbegu," akamwambia Nyemo, damu ikimtoka mdomoni. "Sisi watu tutazaliwa wengine."

"Lugala, nyamaza, nakufunga."

"Mama, nenda! Ukikaa hapa nitakuwa nimekufa kwa ajili ya nini?"

Akaenda. Wabebaji waliobaki wakajitwika malindo, wakapenya korongoni, na wapiga mikuki waliobaki nyuma wakaushika mto mpaka ruga-ruga, walioona hakuna pembe wala nguo katika mizigo ile, wakachoka wakaondoka. Lugala hakuinuka tena. Alizikwa kwenye ukingo wa mto, na lile ua la zambarau, lililokauka, walilikuta bado lipo sikioni.

Chilungu ilimlilia Lugala na wenzake kwa ngoma za msiba. Kisha mawingu yakaanza kujikusanya, na Nyemo akafungua malindo.

Akachota mkono mmoja. Punje zilikuwa nzima, ngumu, nzito. Alipozimimina zirudi, kiganjani pakabaki lile vumbi jeusi, laini kuliko unga, likaingia kwenye mistari ya mkono wake. Akanusa. Halikuwa na harufu ya ghala. Akaunyoosha mkono akachukua ungo ukutani. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote.

Mkwewe Yunge, mke wa mwanawe, alikuwa akitazama mlangoni. "Mama, unaipepeta?"

Nyemo akaangalia ungo. Akaangalia kovu chini ya kiwiko. Aliwaza ile miguu yake ikioshwa, na machozi yale. Aliwaza Lugala, ambaye alikufa akidhani analinda kitu kizuri.

"Mbegu ya dada yangu haipepetwi," akasema. Akautundika ungo mahali pake.

*

Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kusimuliwa. Mtama ukaota wote, watu wakaimba wakipalilia. Ulipofika magotini ukasimama. Majani yakaanza kujikunja kama mtama wa kiangazi, yakawa na madoa ya manjano, nao udongo umelowa maji. Watu wakafukua wakatafuta wadudu, wasione. Halafu asubuhi moja maua yakatoka ardhini, madogo, ya zambarau, yakizunguka kila shina la mtama. Watoto wakayafurahia. Wakasuka mataji.

Nyemo aliposhuka shambani akayaona, alikaa chini kwenye tope.

Kisha akaanza kuchimba kwa vidole, polepole, kama mtu anayemvua mtoto nguo akiwa usingizini. Akaufuata mzizi wa ua, akaukuta umeng'ang'ania mzizi wa mtama, umebandika mdomo pale kama mtoto kwenye ziwa. Akakiponda kichwa cha ua lililokomaa juu ya kiganja chake. Likamwagika vumbi, jeusi, laini. Ugoro wa Lugala.

Mtemi Chigwe alifika na wazee wake, na mganga nyuma ameshika mkia wa nyumbu.

"Mama Mbegu, ni uchawi?"

"Si uchawi, Mtemi. Uchawi una dawa." Akamnyooshea kiganja. "Hii ni mbegu. Kila punje ya vumbi hili ni mbegu. Inalala ardhini, inangoja. Mzizi wa mtama ukipita karibu inaamka, inaunyonya. Hapa kiganjani pangu pana maua ya shamba zima."

"Imetoka wapi?"

Watu wote wakamtazama Nyemo.

"Nimeileta mimi," akasema. "Watu walikufa wakiilinda, nami nikaipanda kwa mkono wangu. Ungo ulikuwa mkononi mwangu, Mtemi, nikautundika."

Wengine walitaka atupwe nje ya ukuta. Mtemi hakutaka. Alisema mtu mmoja tu katika nchi anajua adui huyu anavyokula, na hawezi kumtupa.

Nyemo hakulala tena kama watu. Alitembea mashamba yote akichimba, na kule pembezoni, kwenye vishamba vya vikongwe ambavyo hakuna mwanaume aliyevihesabu kuwa mashamba, akakuta jambo. Vikongwe walikuwa na desturi ya kupanda njugu mawe na kunde, halafu wakachomeka mtama katikati. Mtama wao ulikuwa kijani. Akachimba. Akaukuta uzi mweupe wa ile mbegu umeamka karibu na mzizi wa njugu, umenyoosha shingo kutafuta ziwa, haukulipata, umekufa.

"Njugu zinaiamsha," akamwambia Yunge, "kisha haziinyonyeshi. Ukipanda njugu misimu mitatu, minne, udongo unapona."

"Tunayo misimu mitatu, mama?"

Hawakuwa nayo. Njaa ilipokwisha kuwalegeza watu magoti, Mpwela wakaja.

Walikuja na magobori waliyonunua kwa wafanyabiashara wa pembe, na ngoma mbili za vita, wakapiga kambi kuzunguka kilima, wakashika kisima cha chini. Chilungu ilipigana. Mara mbili watu wa Mpwela walipanda na ngazi za magogo, mara mbili wakaangushiwa mawe na vyungu vya nyuki. Lakini mtu anayekula ngozi ya ngao yake iliyochemshwa hawezi kuinyanyua ngao hiyo siku nyingi. Mtemi Chigwe akaamuru tarumbeta ya pembe ya tandala ipigwe, wakutane wazungumze.

Kwa upande wa Mpwela, pamoja na wazee, akaja Mbeleje.

Wanawake wale wawili wakasimama, ukuta wa miiba kati yao, wakati wanaume wakijadiliana upande wa pili. Mbeleje alikuwa amekonda.

"Umepungua, dada," akasema Nyemo.

"Usiniite hivyo."

"Hujapepetewa bado. Ni jina lako." Nyemo akasogea karibu na miiba. "Ulijua?"

"Mashamba yetu yalikufa kabla ya yenu, umeyaona kwa macho yako. Kila msafara uliopita kwetu uliuliza jambo moja tu: Chilungu ni mbali? Kwa Nyemo ni mbali? Mume wangu akasema, wakifa wao pia misafara itasimama hapa hapa, na sisi tutashika visima vyote. Nilikuwa na ghala la mbegu ya mashamba ya juu, safi. Na ghala la mashamba ya chini. Ufunguo ni wangu."

"Ungeweza kunipa mbegu safi."

"Ningeweza."

"Na mimi ningeweza kupepeta."

Mbeleje akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nilijua hutapepeta," akasema. "Ndiyo maana ulikuja kwangu, na ndiyo maana ilikuwa rahisi. Mwingine yeyote angechukua ungo."

Nyemo akavua zile shanga shingoni na kuzipachika kwenye mwiba wa ukuta, taratibu, zisikatike.

*

Mapatano yalikuwa haya: Chilungu waondoke na uhai wao, waache kilima, visima, ng'ombe na silaha. Wanawake wachukue watakachoweza kubeba kichwani.

Waliteremka mchana, mstari mrefu, mvua nyepesi ikinyesha. Askari wa Mpwela walipekua mizigo wakitafuta pembe na nguo za merikani. Walipovikuta vibuyu vya ulezi na vikapu vya njugu walicheka wakavipitisha. "Hawa wamebeba chakula cha kuku," akasema mmoja. Nyemo akamwitikia kwa adabu na kuendelea kutembea, na kila alichobeba kilikuwa nchi nzima.

Langoni alisimama mbele ya Mbeleje akateremsha kibuyu kimoja, kimezibwa kwa nta, akakiweka miguuni pake.

"Ni njugu mawe. Ardhi haina kosa, na watoto wako hawana. Panda hizi kabla ya mtama, misimu mitatu, minne, usipande kingine. Udongo utapona, wa kwenu na wa huku."

Mbeleje hakukigusa. Alikitazama kama mtu anavyotazama nyoka aliyejikunja.

Mtemi Chigwe alikufia njiani. Nao wakaenda ng'ambo ya mbuga ya chumvi, kwenye bonde ambalo hakuna msafara uliolijua, na hapo Nyemo akavunja nta ya vibuyu vya mama yake. Punje za ulezi zilikuwa zimelala tangu yeye ni mwali. Akazilowesha chache kwenye kitambaa kibichi, akakifunga tumboni pake, kwenye joto la mwili, watu wakingoja kana kwamba mtu anajifungua. Alipokifungua, kila punje ilikuwa imetoa kamkia keupe. Wanawake wakapiga vigelegele, hata wale waliotaka kumtupa nje ya ukuta.

Miaka ikapita. Yunge alikuwa ameshaota mvi za kwanza siku walipokuja wanawake wachache kutoka upande wa chumvi, miguu imepasuka, kila mmoja na kibuyu kitupu. Aliyetangulia alikuwa mrefu, mwenye mwanya, na nywele nyeupe kabisa.

Yunge akamtambua. Akasimama na mchi mkononi. "Mama, niruhusu nimfukuze."

"Mwache akae. Mpe maji."

Mbeleje akanywa, akakiweka kibuyu chake kitupu chini.

"Kilima kile hakuna mtu sasa," akasema. "Mtama ulikufa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Misafara ilipata njia nyingine. Mume wangu amekufa."

"Na njugu?"

"Nilizipepeta." Sauti yake ilishuka. "Nikazipepeta, nikaziosha, nikamlisha mbuzi. Mbuzi hakufa. Na bado sikuziamini. Kila nilipoziangalia nilisema, mimi ningemfanya nini mtu aliyenifanyia hivi? Nikazimwaga korongoni."

Nyemo akainuka, magoti yakilia, akaingia ndani. Akatoka na kikapu cha njugu mawe na kikapu cha ulezi. Mbeleje akakishika kibuyu chake kwa mikono miwili, akakiinua, na mkono wa nguo yake ukateremka, kovu likaonekana.

Nyemo akageuka, akachukua ungo ukutani.

"Hapana," akasema Mbeleje. "Nyemo. Dada. Nipe hivyo hivyo ilivyo. Nitaipanda hivyo hivyo, naapa. Usipepete."

Nyemo akamimina mbegu kwenye ungo, akaanza. Alipepeta bila haraka, kama alivyofundishwa na mama yake, akirusha na kudaka, akipuliza, akiokota kila jiwe na kila punje iliyovunjika. Makapi yakapeperuka yakatua kwenye miguu ya Mbeleje na kwenye nywele zake. Wanawake wa Mpwela, walioijua mila, wakainamisha vichwa. Mbeleje alilia mpaka mwisho, na safari hii Nyemo hakuyabeba machozi yale popote.

Ilipokuwa safi, safi kuliko mbegu yoyote aliyowahi kumpa mtu, akaimimina kwenye kibuyu mpaka kikajaa, akakiziba kwa nta.

"Haya mama," akasema, kama mtu anavyosema na mpita njia. "Safari njema."

Wazao wa watu wale bado wapo katika bonde lile. Mwanamke wa huko akikupa mbegu, hata kama ni mama yako mzazi, atachukua ungo kwanza na kuipepeta mbele ya macho yako, taratibu, mpaka iwe safi kabisa. Ukimwuliza sababu atakuambia ni heshima kwa mgeni, ndivyo alivyofundishwa. Jina la Mbeleje hawalijui. Ulezi wao una punje nyekundu, ndogo kama jicho la chungu, na hukaa sana kibuyuni.